Mboni ya Jicho kwa Shilingi 7,000

Leo tunazungumzia macho. Si maradhi ya macho, hayo tuwaachie madaktari. Tunazungumzia jicho kama kitambulisho, na bei lililopewa jijini Nairobi mwaka 2023.

Wengi wanayakumbuka yaliyotokea. Mwishoni mwa Julai mwaka ule, watu walianza kupanga foleni kwenye maduka makubwa ya Nairobi, na Agosti ilipoingia umati ukafurika jumba la mikutano la KICC, katikati kabisa ya jiji. Walikuwamo wanafunzi, wasio na kazi, na wenye kazi wasiofika nayo mwisho wa mwezi. Wapo waliosubiri kutwa nzima jua likawachoma, wakarudi tena kesho yake.

Walikuwa wakisubiri nini? Walisubiri zamu ya kutazama chombo kimoja cha mviringo, kinachong'aa, cha kubebwa kwa mikono miwili, kinachoitwa Orb. Unakikazia macho kwa muda mfupi tu, nacho kinazipiga picha mboni zako, yaani lile duara lenye rangi linalozunguka tundu jeusi la jicho. Ukimaliza, unapewa kwenye simu tokeni 25 za sarafu ya mtandaoni iitwayo Worldcoin. Siku zile tokeni hizo zilikuwa na thamani ya takriban shilingi 7,000 za Kenya. Aliyejua njia aliziuza mwenyewe mtandaoni, hela zikaingia kwenye M-Pesa. Asiyejua hakuachwa nyuma, maana madalali walikuwa papo hapo, tayari kuzinunua na kukata chao.

Shilingi 7,000, msikilizaji. Mpangaji wa chumba kimoja mtaani Kayole hahitaji kuelezwa uzito wake. Ni kodi ya mwezi, na pengine inabaki ya unga na mafuta.

Kwa hiyo jambo la kwanza, na litarudiwa tena kabla hatujaagana, ni hili: waliopanga foleni hawakuwa wajinga. Siku zile mitandao ya kijamii ilijaa kejeli, watu wakachekwa kwamba wameuza macho. Kejeli hizo hazikuwa za haki. Yule mtu wa foleni alipiga hesabu kwa takwimu alizokuwa nazo. Upande mmoja kulikuwa na kodi ya nyumba inayodaiwa Jumamosi. Upande wa pili kulikuwa na madhara ambayo hakuna aliyekuwa amemweleza, yatakayokuja siku isiyojulikana, kama yatakuja. Wewe ungechagua nini?

Tena huyo mtu alikwisha kuzoezwa. Jiulize, wiki hii umeandika jina lako mara ngapi kwenye daftari la askari wa getini? Kuingia jengo la ofisi Nairobi lazima uache jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu na saa uliyofika. Daftari likijaa linakwenda wapi? Hakuna anayeuliza. Ukienda kutoa pesa kwa wakala, namba ya kitambulisho inaandikwa tena, na anayefuata nyuma yako anaisoma akitaka. Ng'ambo ya mpaka, Watanzania walitakiwa kusajili upya laini zao za simu kwa alama za vidole na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na siku ya mwisho ikawekwa Januari 20, 2020. Walioona foleni za wakati ule hawajazisahau. Sasa mtu ambaye ameshatoa kidole ili asikatiwe laini yake mwenyewe, kwa nini asite kutoa jicho ambalo analipwa?

Hapa ndipo inafaa tusimame kidogo tuulize swali la pili. Kwa nini jicho? Kwa nini kampuni yenye makao San Francisco na ofisi Ujerumani isafirishe mashine hadi Nairobi kutafuta mboni, na isitosheke na jina, picha na namba ya simu kama wengine wote?

Jibu linaanzia Uingereza, Chuo Kikuu cha Cambridge, kwa mwanasayansi aitwaye John Daugman. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Daugman alibuni njia ya kugeuza picha ya mboni kuwa mfuatano wa tarakimu. Kamera humulika jicho kwa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho yetu. Mwanga huo hutoa wazi vijistari, vikunjo na madoa yaliyomo ndani ya mboni. Kompyuta huyasoma hayo na kuyaandika kama tarakimu 2,048, kila moja ama sufuri ama moja. Hiyo ndiyo namba ya jicho lako. Hata mapacha wa kufanana hawafanani hapo. La ajabu zaidi, jicho lako la kulia nalo halifanani na la kushoto.

Ngoja tuchukue kisa cha kweli. Mwaka 1984 mpiga picha Steve McCurry alimpiga picha msichana Mwafghanistani katika kambi ya wakimbizi ya Nasir Bagh, karibu na Peshawar, Pakistan. Alikuwa msichana wa miaka 12 hivi, ana macho ya kijani na mtandio mwekundu uliochanika. Picha ile ilitoka kwenye jalada la jarida la National Geographic mwezi Juni 1985, ikazunguka dunia nzima, lakini jina la msichana hakuna aliyelijua. Mwaka 2002 McCurry akarudi kumtafuta. Akaletewa mwanamke mtu mzima, mke na mama, uso umechoshwa na vita na ukimbizi. Je, ni yeye? Majibu yakatolewa na Daugman, aliyelinganisha mboni za kwenye picha ya zamani na za kwenye picha mpya. Alikuwa ni yeye, Sharbat Gula. Miaka 18 ilikuwa imebadilisha kila kitu usoni pake isipokuwa mboni.

Umeona sasa kwa nini jicho linatafutwa? Watu wetu waliokwenda kutafuta riziki Ghuba wamekutana na teknolojia hii kitambo. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, Umoja wa Falme za Kiarabu ulikuwa ukichukua mboni za watu waliofukuzwa nchini humo na kuzilinganisha na za wageni wanaoingia. Mtu aliyerudi na pasipoti mpya na jina jipya alisimamishwa mpakani na jicho lake mwenyewe. Serikali ina haki ya kulinda mpaka wake, hilo halina ubishi. Lakini zingatia kilichofanyika: mtu alibadilisha kila anachoweza kubadilisha, na bado akatambuliwa.

Hapo ndipo penye hatari, msikilizaji. Nywila ya simu yako ikijulikana, unaweka nyingine. Ni sawa na kufuli, ufunguo ukiibwa unanunua kufuli jipya. Jicho halina la akiba. Mwaka 2015 serikali ya Marekani, pamoja na utajiri na wataalamu wake wote, ilitangaza kwamba wadukuzi wameingia kwenye mitambo ya ofisi inayosimamia watumishi wa umma na kuchukua taarifa za mamilioni ya watu, zikiwamo alama za vidole za watu milioni 5.6. Watumishi wale hawakuweza kwenda kuomba vidole vipya. Alama zao zimeangukia mikononi mwa wadukuzi, na zitakuwa huko muda wote wa uhai wao.

Haya, tuwasikilize na wenye mashine, maana mazungumzo ya haki yana pande mbili. Kampuni yenyewe inaitwa Tools for Humanity, na mmoja wa waanzilishi wake ni Sam Altman, yule yule anayeongoza OpenAI, waliotuletea ChatGPT mwishoni mwa mwaka 2022. Hoja yao ni kwamba akili mnemba inaelekea kuandika, kuzungumza na kutengeneza picha kiasi kwamba mtandaoni hutajua unaongea na mtu au na mashine. Basi kila binadamu apewe uthibitisho kwamba yeye ni mtu halisi, na kwamba amejiandikisha mara moja tu. Jina lako hawalihitaji. Wanasema picha ya jicho hufutwa papo hapo usiporuhusu ihifadhiwe, na kinachobaki ni ule msimbo wa tarakimu. Baadaye, mwaka 2024, walitangaza kwamba msimbo wenyewe sasa unakatwa vipande na kuhifadhiwa mahali tofauti, ili asiwepo mwenye namba kamili mkononi.

Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Wanaopigiwa simu za sauti bandia zinazoiga sauti za ndugu zao wanajua kwamba tatizo ni la kweli. Na kukata msimbo vipande ni kazi nzuri ya kihandisi. Mtu anaweza kutabasamu tu kuona kwamba anayetutahadharisha kuhusu mashine zinazoiga watu ni miongoni mwa watengenezaji wake wakubwa. Ila swali la Nairobi halikuwa la uhandisi. Msimbo uliotolewa kwenye jicho lako unakutambulisha wewe na si mwingine, uwe mzima au uwe vipande, na sheria inauhesabu kuwa taarifa yako binafsi. Swali lilikuwa: ulipoutoa, ulikubali kweli?

Na mambo haya hayakuanza na ile foleni ya KICC. Majaribio yalikuwa yameendelea Kenya na kwingineko kabla ya uzinduzi rasmi wa Julai 24, 2023. Aprili 2022 jarida la MIT Technology Review lilichapisha uchunguzi mrefu kuhusu majaribio hayo, likaonyesha jinsi watu katika nchi zenye kipato cha chini walivyovutwa kwa zawadi na fedha bila kuelezwa vya kutosha kinachochukuliwa.

Sasa tuje kwenye sheria, na usizime redio, hapa hatutazama kwenye vifungu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu Novemba 2019, na Katiba yake, Ibara ya 31, inalinda faragha. Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliiandikia kampuni hiyo Mei 2023 ikiitaka iache kukusanya data ya mboni. Umesikia mwezi? Mei. Foleni za KICC ni za Agosti. Kati ya barua na foleni ipo miezi kama miwili, na hilo peke yake linaeleza mengi kuhusu nguvu ya barua. Agosti 2, 2023, Waziri wa Usalama wa Ndani wa wakati huo, Kithure Kindiki, akasimamisha shughuli zote. Kufikia hapo zaidi ya watu 350,000 walikuwa wamekwisha kupigwa picha za mboni nchini Kenya.

Bunge likaunda kamati. Kamati ikaandika ripoti, ikataka shughuli hizo zizuiwe mpaka kuwe na sheria madhubuti. Polisi nao walichunguza, na Juni 2024 jalada la uchunguzi likafungwa bila mtu kushtakiwa. Wengi walidhani yameisha.

Hayakuisha, kwa sababu Katiba Institute, shirika linalotetea utekelezaji wa Katiba ya Kenya, lilikuwa limekwenda Mahakama Kuu. Mei 5, 2025, Jaji Roselyne Aburili akatoa uamuzi. Aliamuru data ya mboni na nyuso iliyokusanywa Kenya ifutwe kabisa ndani ya siku 7, Kamishna wa Data akisimamia. Akazuia ukusanyaji mwingine bila tathmini ya athari kwa faragha kufanywa kwanza kama sheria inavyotaka. Na la kuzingatia zaidi kwa mazungumzo yetu, ridhaa iliyopatikana kwa kumshawishi mtu kwa sarafu ile haikukubalika kuwa ridhaa halali.

Tulirudie hilo taratibu. Watu walibonyeza "nakubali" kwenye simu zao, hilo halikukanushwa. Mahakama ilitazama walibonyeza katika hali gani, na mbele yao kulikuwa na nini.

Wala Kenya haikuwa peke yake. Machi 2024 mamlaka za Uhispania na Ureno zilisimamisha ukusanyaji wa mboni kwa muda, Ureno ikiwa na malalamiko kuhusu watoto walioandikishwa. Mei mwaka huo Hong Kong nayo ikaamuru kazi hiyo ikome. Lakini uamuzi unaoshabihiana zaidi na wa Nairobi ulitoka Brazil. Januari 2025 mamlaka ya ulinzi wa data ya nchi hiyo haikusema mboni zisichukuliwe. Ilipiga marufuku malipo. Hoja yake ilikuwa kwamba fedha inavuruga uhuru wa mtu wa kuamua, hasa mtu mwenye shida. Yaani kama huduma ni nzuri kiasi hicho, watu waje kwa sababu wanaitaka. Ni uamuzi mwerevu kuliko yote, maana unaiacha teknolojia isimame kwa miguu yake na tuone kama inaweza.

Hapa atatokea msikilizaji aseme, haya ni mambo ya makampuni ya nje. La hasha. Oktoba 2021 Mahakama Kuu hiyo hiyo ya Nairobi iliamua kwamba serikali ya Kenya yenyewe ilivunja sheria ilipoanza kutoa kadi za utambulisho za Huduma Namba bila kufanya tathmini ya athari za ulinzi wa data. Mamilioni ya watu walikuwa wamekwisha kuandikishwa mwaka 2019, alama za vidole na picha zikachukuliwa, na baadhi yao waliambiwa kwamba bila namba hiyo watakosa huduma. Kampuni inatanguliza shilingi, serikali inatanguliza huduma, na anayetakiwa kukubali ni mtu yule yule, mwenye shida ile ile.

Na mambo madogo je? Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data ya Kenya ilizitoza faini taasisi tatu kwa mpigo. Shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Klabu moja ya starehe Nairobi ilitozwa 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja ambaye hakuruhusu. Na mkopeshaji wa kwenye simu alitozwa 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu kuwatisha. Hilo la mwisho wengi wanalijua: jirani amekopa, ameshindwa kulipa, na wewe usiyehusika unapokea ujumbe wa matusi kwa kuwa tu namba yako ilikuwa kwenye simu yake. Ulikubali lini? Hukukubali. Alikubali yeye kwa niaba yako, alipobonyeza ruhusa ya kusoma orodha ya namba ili apate mkopo wa dharura.

Kabla muda haujatutupa mkono, yako maswali ya vitendo. Je, aliyepigwa picha ya mboni mwaka 2023 afanye nini? Kwa mujibu wa sheria ya Kenya, mtu ana haki ya kuuliza taasisi yoyote ina taarifa gani zake, kutaka zirekebishwe, na kutaka zifutwe. Andika, usipige simu tu, na uweke nakala. Usipojibiwa, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Data, ambayo sheria inaitaka iyachunguze na kuyamaliza ndani ya siku 90. Kwa walioko Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ndiyo inayopokea malalamiko. Uganda wana sheria yao ya mwaka 2019.

Na kama hujapigwa picha, na kesho mtu anakuja na kifaa na pesa mkononi? Muulize swali moja tu, kwa sauti ya kawaida: nikibadili mawazo mwezi ujao, naja wapi kuifuta, na utanionyesha nini kwamba imefutwa? Mtazame usoni anavyojibu. Waliosimama KICC hawakupewa mtu wa kumuuliza hivyo. Walipewa mstari, kamera na kitufe cha kubonyeza, na ndiyo maana lawama ya kilichotokea haiwaangukii wao.

Bado lipo ambalo hata hukumu ya Jaji Aburili haiwezi kulifanya rahisi. Msimbo wa jicho hauna shubaka ambalo mtu wa Kayole anaweza kwenda kulichungulia aone kama liko tupu. Anategemea kampuni iseme imefuta, na kamishna aseme amehakikisha. Kwa hiyo anayeisimamia kazi hiyo anahitaji mafundi wa kompyuta wa kutosha na bajeti ya kuwalipa, kisha atangaze alichokiona, kwa Kiswahili, mahali ambapo wale 350,000 watamsikia. Redio, kwa mfano.

Mwenye swali kuhusu mikopo ya simu na orodha ya namba aliweke tayari, maana tutarudi kwenye hilo wiki ijayo, saa kama hii. Kwa leo muda umekwisha.